Hapa Pana Wenyewe

Jumamosi iliyopita nilifukuzwa majini na mwanamume aliyevaa kofia ya kitambaa iliyofungwa kamba kidevuni. Hakunitukana. Angenitukana ningejua la kujibu. Alipunguza injini, akasogeza mashua yake karibu na yetu, akatutazama mimi na shemeji vile karani wa ardhi anavyomtazama mtu aliyeleta risiti badala ya hati, kisha akasema kwa upole: "Samahani, mzee, lakini hapa pana wenyewe." Akaongeza moto. Wimbi lake likapanda ubavuni mwetu, likaingia ndani, likalowesha mkate, chambo na suruali yangu kuanzia magotini kwenda juu. Ufuoni walikuwako watu. Nilimsikia mtoto akimuuliza mamaye kama yule babu amejikojolea.

Sijafika umri wa kuitwa babu, lakini hilo tuliache.

"Hapa" penyewe ni kisiki. Kiko katika bwawa la Kamburu, upande wetu wa Mbeere, si mbali na pale Mto Thiba unapomwaga maji yake. Ni mti uliokufa maji bwawa lilipojaa katika miaka ya sabini, na hadi leo umekataa kuanguka. Kichwa chake kinatokeza juu ya maji kiasi cha urefu wa ndoo, na hapo hukaa mnandi akianika mbawa. Ukimpelekea mgeni picha yake atakuuliza umepiga picha ya nini. Lakini waulize wavuvi wa wikendi, wale wanaotoka Embu mjini, Meru na Nairobi na fimbo za kuvulia zinazokunjwa mara nne, na kila mmoja atakuambia kwa sauti ya chini kwamba anakijua kisiki kimoja ambacho hakuna mwingine anayekijua. Ni hicho hicho.

Lazima nieleze kisiki kina nini. Tilapia dume, wakati wa kuzaana ukifika, hutafuta sakafu ya maji mafupi yenye mchanga au udongo laini, akachimba shimo la duara kwa kinywa chake. Hubeba mchanga mdomoni, akautema pembeni, akarudi, mpaka shimo likawa safi kiasi kwamba jike akipita juu anaona limefagiliwa. Madume hupanga mashimo yao jirani kwa jirani, na kila mmoja hulinda lake. Jirani akivuka anasukumwa. Akivuka tena wanakamatana midomo wakavutana. Jike huja, hutaga mayai humo, na dume akishayarutubisha, jike huyaweka yote kinywani mwake na kwenda nayo. Huyaatamia mdomoni, na vifaranga wakishatoka, hatari ikitokea hurudi mbio humo humo kinywani mwa mama. Baba, kwa upande wake, anabaki kulinda ploti ambayo haina nyumba wala mtoto. Nimewahi kukaa saa nzima nikimtazama mmoja kwenye maji maangavu, chakula changu kikipoa, na niliona aibu kidogo, kwa sababu nina ploti kama hiyo kule Runyenjes.

Sasa weka kisiki katikati ya mtaa huo. Juu ya mbao iliyooza huota ukoga wa kijani, na ukoga ni chakula. Mizizi inamficha samaki mdogo asionwe na mnandi. Chini ya mizizi hujibanza kambale, anayengoja usiku. Kwa hiyo anayefunga mashua yake hapo hafungi kwenye mti. Amefunga mlangoni mwa hoteli, chakula, malazi na ulinzi pamoja.

Yule wa kofia hakwenda mbali. Alizunguka akarudi, kwa sababu sisi hatukuwa tumeondoka. Hatuna injini. Mashua ni ya shemeji yangu, mfanyabiashara wa Nkubu kule Meru, aliyeinunua kwa mtu aliyechoka nayo, na inaendeshwa kwa makasia mawili yasiyolingana urefu, hivyo hupenda kuzunguka kabla ya kwenda. Shemeji, aliyekuwa ametulia na miraa yake shavuni, aliinuka akasimama. Katika mashua ile kusimama si jambo dogo.

"Hati iko wapi?" akauliza.

Mwenye kofia alikuwa nayo, au aliamini anayo. Akageuza mashine ndogo iliyokuwa mbele yake, ile inayopiga mawimbi ya sauti chini ya maji na kuchora sakafu kwenye kioo pamoja na samaki. Pale kwenye kioo kisiki kilikuwa na alama ya bendera nyekundu na jina, jina la Kizungu, eti "Office". "Nimekihifadhi tangu mwaka jana," akasema.

"Mimi pia nimehifadhi nyimbo za watu kwenye simu," shemeji akamjibu, "na sijawahi kwenda kudai mirabaha."

Hapo ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa pande tatu kwenye kesi. Mtumbwi wa mbao ulikuwa umejitokeza nyuma ya kisiki, na ndani yake kijana mmoja amekaa kitako, anatafuna muguka na njugu, anatutazama bila haraka. Akaonyesha kwa kasia. Chini ya pua ya mashua ya yule wa kofia, na chini ya yetu pia, palikuwa na mstari wa dumu za mafuta ya kupikia zikielea. Wavu wake ulikuwa hapo tangu alfajiri. "Wazee wangu," akasema, "nyinyi mnacheza. Mimi nalipa karo na hiyo kamba mliyoikanyaga."

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na ingetosha kutuondoa sote, kama shemeji asingetazama kilichokuwa shavuni mwa kijana. Mtu wa Meru hawezi kuona muguka akanyamaza. Akasema majani hayo kwao hupewa mbuzi. Kijana akajibu kwamba mbuzi wa Embu ana akili, ndiyo maana hakai kutwa akimenya ganda la vijiti. Yule wa kofia, ambaye nadhani alitaka kuonekana mpatanishi, akakumbusha kwamba mwaka 2024 Mombasa walipiga marufuku muguka. Likawa kosa kubwa kuliko lile la wimbi. Kwa dakika nzima mvuvi wa Mbeere na mfanyabiashara wa Nkubu walikuwa upande mmoja, wakimweleza mtu wa Nairobi mambo ambayo sitayaandika.

Kisha kijana akaacha kutafuna. "Mwenyewe amekuja," akasema.

Kiboko dume hana habari na nchi kavu. Usiku hutoka kula nyasi, na huko malishoni akikutana na dume mwenzake kila mmoja hupita zake. Mali yake ni maji. Kipande fulani cha ufuo na maji yaliyo mbele yake ndicho anachokipigania hadi kutoana damu, na namna anavyokisajili ni hii: hugeuza makalio, huachilia mavi, na hapo hapo mkia mfupi unazunguka kwa kasi ukiyarusha kila upande. Sijaona ofisi ya ardhi inayotoa ujumbe ulio wazi hivyo. Akipanua kinywa mbele yako hana usingizi. Anakuonyesha meno uyahesabu. Na hili ndilo lililonishangaza zaidi nilipolijua: mwili ule wa tani na zaidi hauogelei hasa. Anatembea chini, anadunda sakafuni, akiibuka kuvuta pumzi kila baada ya dakika tano hivi.

Dakika tano ni muda mrefu sana kwa watu wasiojua amekwenda upande gani.

Tulimwona akipanua kinywa, karibu kuliko ninavyotaka kukumbuka, halafu maji yakafunga juu yake. Mtumbwi wa kijana uliondoka kwanza, bila kelele. Mwenye kofia aliondoka kwa moto wote, injini ikanasa wavu, ikanasuka, kofia ikaruka ikabaki majini. Sisi tulizunguka mara mbili, kama ilivyo desturi ya mashua yetu, ndipo tukaelekea ufuoni, na katikati ya safari tukakwama kwenye tope, mahali ambapo wiki iliyotangulia tulipita kwa raha.

Tope hilo lina wenyewe pia. Kwenye Mto Tana kuna mabwawa matano ya umeme yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Hayakujengwa kwa mpangilio huo. Kindaruma lilianza mwaka 1968 na Kiambere likafunga kazi mwaka 1988. Masinga, la mwaka 1981, ndilo tangi, lililojengwa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Maji yakifunguliwa hapo yanazungusha mashine, yanaingia Kamburu, yanashuka kwenye kituo kilichochimbwa ndani ya mwamba, yanatokea Gitaru, yanashuka tena chini ya ardhi kwenye kituo kikubwa kuliko vyote vya nguvu za maji nchini, chenye megawati 225, kisha Kindaruma, kisha Kiambere. Maji yale yale yanauzwa mara tano. Hata muuza maji wa mkokoteni hajawahi kuota biashara hiyo. Kwa hiyo usawa wa maji ya Kamburu uko kati ya mikono miwili: mmoja unafungulia kutoka juu, mwingine unayanywa kutoka chini. Kila anayepiga pasi shati kule Buruburu, Nairobi, anavuta kidogo chini ya mashua yangu. Yule tilapia dume aliyechimba shimo lake kwa wiki anaamka, shimo liko juu ya nchi kavu.

Kwa samaki ni bahati mbaya. Kwa watu sina neno la upole. Nyaya zinazotoka hapa zinapita juu ya mapaa ya Mbeere, nene, zikivuma usiku, zikielekea Nairobi, na chini yake nimekaa katika nyumba ambamo mtoto anafanya kazi za shule kwa koroboi. Kaunti zinazopakana na mabwawa haya zimekuwa zikidai mgao wao kwa miaka, zinavutana na serikali kuu na zenyewe kwa zenyewe, na katika mikutano hiyo sijasikia mtu akitaja koroboi. Wanataja asilimia. Mtu anaweza kuishi akiangalia maji, yenye umeme ndani yake, na akanunua mafuta ya taa kwa kikombe.

Tulipofika ufuoni kwa miguu, tukiburuta mashua, watu wawili walitungoja na vitabu viwili vya risiti. Mmoja alitoza kuegesha, mwingine burudani.

Sitasema mengi kuhusu mara nyingine nilizofukuzwa. Mto Thuchi, ambao ndio mpaka wa Embu na wenzetu wa Tharaka, niliambiwa ndoana yangu imevuka kaunti. Ziwa Rutundu, kule juu Mlima Kenya upande wa Meru, ambako inasemekana mwana wa mfalme William alimchumbia Kate mwaka 2010, mgeni mmoja aliniomba nisogee kwa sababu kivuli changu kinawatisha trauti wake. Samaki ambao babu zao, kama trauti wote wa nchi hii, waliletwa kwa meli wakati wa ukoloni. Kiambere kuna kijana anayepiga mbizi kunasua ndoana zilizokwama, kwenye maji yenye mamba, na ana eneo lake: ndoana ikikwama ng'ambo ya jiwe fulani hagusi, hiyo ni ya binamu yake.

Lakini Jumamosi ile haikuishia kwenye risiti. Chini ya mti wa mgunga alikuwa amekaa mzee, fimbo katikati ya magoti, ambaye alikuwa ametazama mambo yote tangu mwanzo. Aliniita. Nikaenda, nikamsalimu, suruali bado inachuruzika.

"Pale mlipokuwa mkipigania," akasema, "ni kwa baba yangu."

Nikadhani anasema kama wazee wanavyosema. La. Kisiki kile kilikuwa mti wa kivuli, baba yake alikuwa akiwafunga ndama hapo. Mashimo ya samaki ninayoyasifu yako kwenye shamba la mtama. Alinionyesha kwa fimbo, juu ya maji matupu, ilipokuwa ghala, ilipokuwa njia ya kwenda mtoni, na mstari wa michongoma uliokuwa mpaka wao na familia jirani. Kuhusu fidia alisema neno moja, akatema mate, nami sikuuliza tena.

Nilimpa alichokuwa anastahili kwa maoni yangu, na ndiyo malipo pekee ya siku ile niliyotoa bila kinyongo. Akazikunja noti. Kisha akaniuliza kama kweli samaki mmoja nilimpata kabla ya zogo kuanza. Nikamwambia ndiyo, tilapia wa kadiri.

"Upande gani wa kisiki?"

Upande wa mashariki, nikasema.

Akatikisa kichwa. Mashariki mwa kisiki ni ng'ambo ya michongoma. Kesi ya mpaka huo ilikuwa mbele ya wazee kabla maji hayajaja, na haijaamuliwa hadi leo. Akanyoosha mkono akanirudishia nusu ya pesa, akamwita mjukuu wake aende akawaambie jirani kwamba kuna mtu hapa ana samaki wao.