Utaona na Kikaango cha Mama Watoto

Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, aliporudi kutoka machimbo ya Bafwasende hakuleta hata kilo moja ya mchele. Alileta wazo. Hapa Bangboka, alisema, ndege zinashuka na kupaa, na Kisangani nzima inajua kwamba dhahabu husafiri bila kuaga. Atakayemfundisha mbwa kuinusa ndani ya mizigo, kazi ya uwanja wa ndege ni yake.

Mbwa tulikuwa naye: Utaona, mbwa wa msitu, masikio wima, mkia umejikunja, habweki. Wawindaji huwafunga mbwa wa aina yake kengele ya mti shingoni wasije wakawapoteza vichakani. Pua kama hiyo iishie kwa panya?

Shemeji akafungua shule uani kwa pete ya ndoa ya dada yake. Pete inafichwa chini ya kopo, ndani ya kiatu, katikati ya majani ya sombe. Utaona anaiendea moja kwa moja, anakaa, anapewa kipande cha makayabu. Vijana wa toleka wakasimamisha baiskeli barabarani watazame. Mmoja akauliza kama mbwa anakodishwa.

Mimi nilikuwa na shaka. Ili pua inuse, kitu lazima kiachie chembe zake hewani, na dhahabu haiachii. Inayeyuka kwenye nyuzi 1,064; kwa jua letu hili imelala tu, hata kutu haishiki. Basi nikachemsha pete kwa sabuni, nikaibeba kwa uma, nikaificha. Utaona akaipita, akaenda kukaa mbele ya mfuko wa suruali ya shemeji, ulikokuwa na makayabu.

"Umemchanganya mwanafunzi!" shemeji akalalamika.

Nikamweleza habari za Ufini. Miaka ya 1960 mwanajiolojia Aarno Kahma alimfundisha mbwa kutafuta mawe yenye salfidi, ambayo yakipigwa na hewa na mvua hutoa harufu. Dhahabu mara nyingi huishi na salfidi, kwa hiyo porini mbwa anaweza kukusogeza karibu nayo. Lakini dhahabu iliyokwisha kusafishwa, ndani ya sanduku la msafiri? Hapo atanusa mikono iliyoifunga. Katika maneno yote hayo, shemeji alisikia moja tu: "anaweza".

Wiki hiyo kikaango kikapotea. Mama watoto alinituhumu mimi, akawatuhumu watoto, akamtuhumu jirani kwa sauti ya chini. Shemeji alisaidia kutafuta kwa bidii ambayo hatujawahi kuiona kwake. Kisha asubuhi moja Utaona akakaa mbele ya rundo la kuni nyuma ya jiko, akagoma kuondoka. Tukapangua kuni. Kikaango hicho hapo, kimeingia madoa ya kijivu, na ndani yake kidonge cha njano kilichofungwa kwenye nailoni.

"Amefaulu!" shemeji akaruka, kabla hajakumbuka kikaango ni cha nani.

Ikabidi aseme. Dhahabu ya machimbo hukamatwa kwa zebaki, kisha huchomwa: zebaki inaondoka na mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo mtu hausikii puani, nao huharibu ubongo na figo. Yeye aliichomea jikoni tukiwa kanisani, na usiku alikuwa akimfundisha mbwa kwa kidonge hichohicho. Uswidi, miaka ya 1990, mbwa walifundishwa kunusa zebaki wakapelekwa kuitafuta shuleni. Minnesota, Marekani, ikafuata na mbwa aitwaye Clancy. Kwa hiyo Utaona huenda alinusa zebaki, au jasho la mwalimu wake, au samaki wa juzi. Dhahabu yenyewe, hapana.

"Yaya, nitakisugua kwa mchanga," akamwambia dada yake.

"Kisugue. Ukakaangie kwako."

Kidonge kikauzwa, kikanunua kikaango kipya, chenji ikawa nauli ya kurudi Bafwasende. Utaona amebaki. Nanyi ndugu mnaochoma zebaki: chomeeni nje, mbali na watoto, na chombo mlichotumia kisirudi tena jikoni.