Kilo Moja ya Fahari

Ujerumani kuna waungwana wanaolipa maelfu ya euro ili mota ya baiskeli yao ya milimani ipungue takriban kilo 1: mwaka 2023 mota ya Bosch SX ilikuwa na kilo 2 hivi na msokoto wa nyutoni-mita 55, nduguye CX karibu kilo 3 na 85. Kitambi, ambacho kukipunguza ni bure, hakiguswi. Watajitetea kwamba mota ndogo haichoki upesi. Labda, kama haingekamuliwa mpaka tone la mwisho kila penye mwinuko. Tope na joto navyo havisomi mizani. Ikifa, aghalabu fundi haifungui, huibadilisha nzima, na hapo ndipo dhamana, ambayo dukani hakuna aliyeiuliza, hutafutwa kwa jasho. Hata hivyo mwenyewe hujitapa: “Ikizimika nitapiga pedali, nyepesi hii!” Naam, na baiskeli isiyo na mota ni nyepesi zaidi.