"Hii Tena?" Mbinu Saba za Kumlisha Mtoto Mwenye Ulimi Msafiri

Wazazi wengi hulia kwamba mtoto hali chochote ila chipsi. Kwetu Kangemi kilio ni kingine. Binti yangu hula kila kitu: siku ya kwanza anaramba vidole, ya pili anamaliza kwa adabu, ya tatu anauliza, "Mama, hii tena?" Wewe uliye na mtoto wa aina hii, futa machozi. Umebarikiwa, na unaishi mahali panapofaa. Hapa Nairobi kila jamii imepanga chumba, na kila jamii imehamia na sufuria yake. Tuhesabu kuanzia saba, tushuke hadi moja, iliyo kuu.

7. Githeri isikae na jina moja wiki nzima
Githeri ya Jumatatu si lazima iwe githeri Jumatano. Iponde na viazi na majani ya malenge upate mukimo. Iliyobaki ipike kwa tui la nazi. Watu wa Pwani wanaiita pure. Mahindi ni yale yale, maharagwe ni yale yale, malalamiko hayapo.

6. Badilisha umbo kabla ya kubadilisha bajeti
Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Barbara Rolls na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba hamu hupungua kwa chakula kile kinacholiwa, huku vingine vikiendelea kuvutia. Hata tambi zilipoletwa kwa maumbo tofauti, watu walikula zaidi. Basi chapati ya jana ikate vipande vyembamba, uvikaange na kitunguu, hoho na yai. Kiazi kitamu kilichochemshwa jana, leo kichome kwenye jiko la makaa. Mtoto hajachoka na kiazi. Amechoka na mazoea yetu.

5. Sukuma wiki nayo ipewe likizo
Nenda soko la Kangemi uone mboga zilivyojaa: managu, saga, terere, kunde, mitoo, mrenda. Mwache mtoto asimame karibu na mama mboga anayechambua, vidole vimegeuka kijani, majani yakianguka kwenye karai na mashina pembeni, mazungumzo hayakatiki. Managu ikiwa chungu, changanya na terere, utie maziwa. Mrenda ukipikwa na magadi huvutika kutoka bakulini hadi mdomoni, na mtoto mpenda vituko atataka kuona unafika wapi kabla ya kukatika. Mwache aone. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Kwa hiyo mtoto akiomba saga, hadeki. Anadai urithi wake.

4. Mpeleke City Market akatazamane na samaki
Pale Muindi Mbingu Street kuna somo la sayansi lisilo na karo. Mfundishe kutafuta jicho angavu na mashavu mekundu, kisha achague samaki wake mwenyewe. Akishawazoea wa ziwani, mwonyeshe wa Pwani. Pweza ana mikono minane. Mtoto atakuwa na maswali mengi kuliko hiyo, na yote yanastahili jibu. Miiba itoe wewe. Kamba wa kwanza awe kipande kidogo tu, kwa sababu miili mingine huwakataa, kisha umwangalie.

3. Diamond Plaza, njaa ya alasiri
Pale Diamond Plaza, Parklands, kuna bhajia za viazi na chatini ya ukwaju, mihogo ya kukaanga, na faluda ya kufungia kazi. Pilipili iombe iletwe kando. Na mtu akikuambia unamlisha mtoto vya kigeni, mkumbushe kwamba chapati nayo ilifika na Wahindi, na leo hakuna Krismasi inayothubutu kuja bila yake.

2. Injera: kigeni chenye ndugu nyumbani
Hurlingham na Kilimani kuna mikahawa ya Kihabeshi. Unga wa teff huchachushwa siku kadhaa, ndiyo maana injera ina vitobo na uchachu. Uchachu huo mtoto anaujua tayari kutoka kwa uji wa wimbi uliochachushwa. Agiza shiro, mchuzi mzito wa unga wa mikunde, mle kwa mkono kutoka sinia moja. Hapo ndipo ilipo siri ya ladha mpya: iandamane na kitu anachokifahamu. Ulimi husafiri vizuri ukiwa na mwenyeji.

1. Mpe kikapu, kisha mpe mwiko
Jumamosi mpe shilingi mia moja anunue kitu kimoja ambacho hajawahi kula. Asiulize kwako, amuulize muuzaji, "Mama, hii inapikwaje?" Atapewa maelezo, na mara nyingi nyongeza pia. Sheria ni mbili: hakuna kuhukumu kabla ya kuonja, na aliyechagua anasaidia kupika. Chakula alichokichoka kipumzishe kama wiki mbili, kisha kirudi akikikoroga yeye. Hakuna mtoto anayeuliza "hii tena?" mbele ya sufuria aliyoipika mwenyewe.

Haya nayasema kwa moyo wote, kwa sababu tunagawana kuta na ngazi na watu wa kila kona ya Kenya. Mtoto aliyekula mrenda kwa Mluhya, omena kwa Mjaluo, muthokoi kwa Mkamba na mukimo kwa Mkikuyu, akikua hatakubali kirahisi kuambiwa kwamba mmoja wao ni adui. Kwa hiyo Jumamosi hii msipitie supamaketi. Nendeni sokoni, na mwende na njaa.