Bafu la Taa Mbili

Bafu letu pale Tanga lilikuwa na taa mbili: nyeupe ya watu, nyekundu ya picha. Nyekundu ikiwaka, haogi mtu, hajisaidii mtu, na mwenye haraka akabishe hodi kwa jirani. Baba watoto alikuwa mpiga picha wa harusi na pasipoti, na kwa sheria ya nyumba ile picha zilitangulia watu.

Mikanda ya rangi aliipeleka mjini ikasafishwe kwa mashine. Ya nyeusi-nyeupe hakumwachia mtu. Dawa yake, D-76, inataka nyuzi 20, na maji ya bomba la Tanga mwezi wa Februari hayajapata kusikia habari za nyuzi 20. Basi kopo la dawa likazamishwa kwenye beseni la barafu, na barafu zenyewe zilikuwa zangu. Nilikuwa nikiwauzia watoto wa shule, za ukwaju na za ubuyu. Yeye alichota bila kuuliza ladha. "Nitakulipa mkanda ukitoka," alikuwa akisema. Mikanda ilitoka mingi. Malipo nayasubiri hadi leo.

Huko nje mambo yalikuwa yanageuka. Mwanzoni mwa 2004 Kodak ilitangaza kwamba itaacha kuuza kamera za mkanda Marekani, Kanada na Ulaya Magharibi. Wapiga picha wenzake wakaanza kukutana barazani kwetu kila jioni. Mmoja alisema dijitali ni ya kuchezea watoto. Mwingine aliuliza, kama hakuna negativu, picha ikipotea utaisafisha upya kutoka wapi? Mwanangu mkubwa, aliyekuwa kidato cha nne na mdomo wake, akawaambia kwamba kamera ya dijitali ilitengenezwa humohumo Kodak mwaka 1975, na mhandisi aitwaye Steven Sasson, na kuiandika picha moja kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. "Sekunde 23?" akasema mzee mmoja. "Bibi harusi wa hapa husimama dakika nzima na hapepesi."

Baba watoto alikuwa na Nikon FM2, toleo lililotoka mwaka 1982, na hoja yake ilikuwa moja tu: shata yake haihitaji betri. Betri ikifa, kinachokufa ni kipima mwanga, na mwanga yeye anaupima kwa jicho. "Umeme ukikatika siku tatu," aliwauliza, "hiyo dijitali mtaichaji kwa kahawa?"

Wakacheka. Mimi niliyewamiminia kahawa hiyo nilijua kinachowanyima usingizi, maana ndiye niliyewafungulia mlango wateja. Mtaji wao haukuwa kamera. Ulikuwa "njoo Alhamisi". Bibi harusi hakujua kwamba alifumba jicho mpaka awe amekwisha kulipa, na akishalipa, jicho ni lake.

Kisha mama yangu akaja kututembelea kutoka Pangani.

Usiku wa pili baba watoto akarudi harusini na kamera iliyokwama. Mkanda ulikuwa umefika mwisho, naye akalazimisha mkono wa kuvutia, ukanyofoka kwenye kigurudumu chake ndani ya kopo. Mkanda ulionyofoka haurudishiki koponi. Ni lazima kamera ifunguliwe gizani na mkanda utolewe kwa vidole. Na si giza la taa nyekundu: karatasi ya picha huvumilia nyekundu, mkanda hauvumilii. Akaingia bafuni, akazima taa zote mbili.

Hapo ndipo penye kisa. Nyumba nzima ilijua kwamba nyekundu ikiwaka usiingie. Bafu lenye giza lilimaanisha bafu lisilo na mtu. Mama akaamka kutia udhu, kurunzi mkononi, akasukuma mlango ambao komeo lake lilikuwa limelegea tangu Idi. Akamkuta mkwewe kachuchumaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkanda umemzunguka shingoni kama hirizi za mganga.

"Astaghfirullah! Baba, kumbe umo?"

Mtu mwingine angefukuzwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Lakini yule ni mkwe. Baba watoto akainuka, akajibana ukutani kumpa njia, akasema, "Shikamoo, mama. Karibu." Nikaha, kulishana keki, kutolewa kwa bibi harusi, vyote vikaungua shingoni mwake. Mama akaitikia "marahaba" na kuomba apishwe.

Alhamisi hakuja bwana harusi. Alikuja shangazi yake, na huyo sitamsimulia.

Kaka yangu aliyeko Muscat aliposikia alicheka mpaka simu ikakatika, kisha akapiga tena. "Shemeji, hii hapa dawa yako." Akamtumia Nikon D70 kupitia binamu anayekuja likizo. Alichagua Nikon makusudi, ili lenzi za zamani zisitupwe, na kweli zilishika. Alichosahau kusema ni kwamba kwenye D70 lenzi zile za mkono huzima kipima mwanga. Hilo halikumsumbua baba watoto. Jicho lake lilikuwepo. Kilichomponza ni upana. Kihisio cha D70 ni kidogo kuliko fremu ya mkanda, hivyo lenzi yake ya milimita 28, iliyozoea kumeza sebule nzima, sasa iliona kama ya 42. Harusini Ngamiani akaupanga ukoo ukutani, hautoshi. Akarudi nyuma hatua moja, bado shangazi wawili wako nje. Akarudi tena, akapita mlango wa nyuma, jicho halibanduki kwenye kamera, mpaka akakalia sufuria la pilau lililokuwa limeepuliwa uani. Ukoo ulienea pichani. Pilau haikuwaenea wageni.

Hata hayo yalipita. Balaa ilikuwa kile kioo cha nyuma. Wanawake walimzunguka kila alipobonyeza: "Hebu tuone." "Futa hiyo, nimetoa tumbo." "Mpige tena, ila yule wifi msimtie." Na aliyeona picha zote jioni ya harusi asubuhi hakuwa na haraka ya kulipa. Mmoja alimwuliza waziwazi alipie nini tena wakati ameshaziona.

Barazani wakakaa kikao. Baba watoto akarudi ndani, akachukua utepe mweusi wa mafundi umeme, akakifunika kioo chote. Tangu siku hiyo mteja akitaka kuona huambiwa kwamba kamera hii husafishwa mjini, njoo Alhamisi. Wenzake wawili wameiga.

Shida ni kwamba kipima mwanga kimezimika, na jicho lake si la mwaka 1982. Lazima akague. Basi kila baada ya picha chache huomba njia ya chooni, akajifungia, akabandua utepe, akaangalia, akabandika. Harusi iliyopita alikwenda mara nyingi mpaka mama wa bibi harusi akamsubiri mlangoni na bilauri ya maji ya mwarobaini, akamwambia, "Kunywa yote, baba, na pilau leo usiiguse."

Akanywa yote.