Hotuba ya Bingwa wa Hakimiliki, Igowole

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama mliotoka kuchuma chai, nanyi vijana wa bodaboda: kamwene! Anayesimama mbele yenu ndiye bingwa wa hakimiliki Mufindi nzima. Cheo hicho nimejipa mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyefuzu kunipa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Nimeisoma yote, ukiacha ukurasa mmoja uliofungiwa maandazi. Inasema mtunzi analindwa maisha yake yote, na akishazikwa, miaka 50 mingine. Mtu yuko kaburini, wimbo unaendelea kusomesha wajukuu! Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya Tigo iwalipe wanamuziki Mwana FA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu. Miito tu! Habari za rufaa tuwaachie mawakili. Bilioni 2, wananchi, ni ulanzi mpaka mianzi iombe msamaha.

Wapo wenye husuda wanaonong'ona: "Na kile kibanda chako cha kuingiza nyimbo kwenye flashi, Profesa?" Sheria inamruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake binafsi. Mimi nawahudumia watu binafsi, mmoja mmoja, kutwa nzima. Ile elfu moja ninayopokea ni ya umeme.

Kilichonipandisha jukwaani ni wizi. Nina folda yangu, "Mchanganyiko wa Profesa", nyimbo 400 nilizozipanga kwa jasho: injili mbele, za harusi katikati, na zile za wazee wakishalala mwishoni. Kijana wa ng'ambo ya barabara kaibeba nzima, kwa mpangilio uleule, hata jina langu hakufuta! Na sheria inalinda mkusanyo uliochaguliwa na kupangwa kwa ubunifu. Yapo maneno yanayofuata hapo kuhusu haki za wenye nyimbo, lakini ndipo penye mafuta ya maandazi, hapasomeki.

Waimbaji wenyewe wako Dar es Salaam, hawajambo, tunawasikia redioni kila siku. Aliyeibiwa ni mimi. Naomba Mwenyekiti amwite kijana huyo leo hii, aje na flashi zake zote. Nitazikagua mwenyewe, na nyimbo mpya nitakazozikuta humo nitazichukua kama ushahidi.