Kila Kitufe Shubiri

Mpwa wangu, kijana mwenye bidii nyingi na haraka iliyoizidi bidii yake, alipewa na muuza viungo mmoja wa Mombasa kazi ya kumtengenezea programu ya simu, ambamo mteja, akiwa ameketi barazani kwake, ataiona orodha ya bidhaa, kila moja na kitufe chake: iliki, mdalasini, karafuu, bizari na nyinginezo zaidi ya ishirini, na mwisho kabisa, kwa ajili ya wazee waliobaki na tiba zao za kale, shubiri.

Kuandika amri ya kila kitufe peke yake si kazi, ni adhabu. Kwa hiyo kijana, kama wafanyavyo mafundi wengi wa JavaScript, akaandika kitanzi kimoja kipitie orodha yote, kikichukua jina la bidhaa na kukifungia kitufe chake amri ya kuiagiza. Kisha akakijaribu kitufe cha mwisho, shubiri ikaja kama ilivyotakiwa, akahimidi, akaikabidhi kazi.

Siku ya pili yake bibi mmoja mwenye walima wa mwanawe aliagiza iliki ya pilau, akaletewa shubiri. Jirani yake alitaka tangawizi ya chai, shubiri. Mwalimu wa madrasa, ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, siku hiyo alipaza. Mzee mwenye duka akampigia kijana simu: "Mwanangu, nakuuliza kwa adabu, watu wa mji huu wamekukosea nini hata uwalishe shubiri?"

Sababu yake ina mantiki ya kuudhi. Jina la bidhaa lilitangazwa kwa neno "var", na jina la namna hiyo huwa ni moja tu kwa shughuli nzima, hata kitanzi kizunguke mara ngapi. Nayo amri iliyofungwa hainakili thamani ya jina wakati wa kufungwa, bali hungoja kidole kiguse ndipo ikatazame, na wakati huo kitanzi kimekwisha zamani, na kilichobaki ni bidhaa ya mwisho. Tangu mwaka 2015 lugha hiyo ina neno "let", ambalo hukipa kila kizunguko jina lake. Lakini kijana alisomea mifano ya kale.

Wapo wasemao kwamba kubadili neno hilo kunatosha. Mimi sikubaliani nao. Ya nini amri zaidi ya ishirini kwa jambo lile lile, ilhali habari ya mguso hupanda kutoka kwenye kitufe mpaka kwenye kisanduku kilichovibeba vyote? Amri moja na iwekwe huko juu, kila kitufe kivae jina la bidhaa yake, kiulizwe kinapoguswa. Na bidhaa ikiongezwa kesho, hakuna cha kufunga upya.

Kijana aliyatimiza hayo kabla ya adhuhuri, na wateja wakarejea, baadhi yao shingo upande. Mzee alimlipa ujira wake kamili, kwa sharti moja tu: shubiri iondolewe katika orodha.