Barua ya Wazi kwa Kamati ya Michezo: Pongezi kwa Tiba ya Maji Baridi

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Michezo ya Shule za Sekondari, wilayani kwetu.

YAH: PONGEZI KWA KUDUMISHA TIBA YA MAJI BARIDI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilihudhuria mechi za mchujo wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na kuridhika kwamba maandalizi yalikamilika. Turubai la mgeni rasmi lilikuwepo, viti vimevishwa vitambaa, spika mbili kubwa, mshereheshaji, na fulana mpya za wanakamati. Idara ya tiba nayo haikusahauliwa: chupa moja ya maji, mikononi mwa kijana wa kidato cha pili aliyekosa namba kwenye timu. Siku ile alitibu kifundo kilichoteguka, paja lililokaza, pua inayovuja damu na kichwa kilichogongwa, vyote kwa chupa ileile. Nawahurumia wa hospitali ya rufaa wanaohangaika na idara nyingi.

Kifundo kilipogoma, mwalimu wa michezo alitoa mfukoni dawa ya kuchua, akasugua kwa nguvu zote. Mtoto akapiga mayowe. Watazamaji wakasema dawa inaingia. Wataalamu wanatukataza kuchua kiungo kilichoteguka muda huohuo, maana kusugua kunazidisha damu inayovujia ndani na uvimbe. Wanataka kipumzishwe, kiwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kifungwe bandeji na mguu uinuliwe. Barafu ilikuwepo, getini, ikiuzwa na mama mmoja. Nadhani hakuwa kwenye bajeti.

Niruhusuni nikae zaidi kwenye kile kichwa, maana ni cha mwanangu. Yeye ni kipa. Aligongana na mshambuliaji kipindi cha kwanza, akalala, akainuka, akaelekea goli la wapinzani kwenda kulilinda. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akamwagiwa maji, akaulizwa, “Unaweza?” Mtoto wa miaka 15, shule nzima inamtazama, mlitarajia ajibu nini? Akadaka hadi filimbi ya mwisho, kisha akatapika njia nzima ya kurudi. Mkaniambia ni jua.

Mwaka 2006, katika jimbo la Washington, Marekani, mvulana wa miaka 13, Zackery Lystedt, aligonga kichwa akicheza futiboli ya Kimarekani. Alipumzika kidogo, akarudishwa mchezoni, na mechi ilipokwisha akaanguka, ubongo ukivuja damu. Alipona akiwa na ulemavu. Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria yenye jina lake: kijana anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe papo hapo, wala asirudi mpaka mtaalamu wa afya aidhinishe kwa maandishi. Kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya aina hiyo.

Angalieni, ndugu zangu, kumtoa mtoto uwanjani hakuhitaji mashine wala mfadhili. Kunahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema “huyu hachezi”, na kocha akanyamaza. Naelewa kwa nini mtu huyo hayumo kwenye ratiba yenu. Angetuharibia nusu fainali.

Yapo pia mazoezi ya kupasha misuli moto yanayoitwa FIFA 11+, ya dakika kama 20, yasiyodai zaidi ya mpira na nafasi. Utafiti uliofanywa kwa wasichana wa Norway na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Sisi dakika hizo tulizitumia kumsubiri mgeni rasmi, wachezaji wamepanga mstari juani. Huenda kwa kamati huko ndiko kupasha misuli moto.

Ombi langu ni dogo. Mleteni tabibu mmoja kutoka kituo cha afya kilicho jirani, apewe kiti kimojawapo cha vitambaa, na mshereheshaji atangaze kabla ya mechi kwamba neno la tabibu liko juu ya la kocha, la mkuu wa shule na langu mimi mzazi. Posho yake itoke kwenye fulana.

Kwa taarifa yenu, kipa wa shule yetu hatadaka Jumamosi. Daktari ameandika apumzike, na cheti nimekiambatisha. Mtakayemweka badala yake, akigongwa kichwa, mtoeni kabla hamjamuuliza kama anaweza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi wa kipa